Vipande Vyembamba vya Nini

Mzungu yule aliponiomba niwalishe samaki wake wakati yeye yuko safarini upande wa Moba, nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo, tena nilisema kwa Kiingereza, mbele ya watu wote wa biro, ofisi yetu, ambao hawakuelewa neno, na ukweli ni kwamba nilikubali kwa sababu ya hicho Kiingereza. Angeniomba kwa Kifaransa ningemwambia nina kazi nyingi.

Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipokuwa tunaitana sitwayen, yaani raia, na kuvaa abakosti, koti la bila tai, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni hata joto likiwa la kuyeyusha mshumaa. Nilikuwa karani katika biro ya bandari ya Kalemie, ukingoni mwa ziwa. Nilizaliwa Manono, mbali na ziwa, na huko nilimaliza shule ya sekondari kwa mapadri, ambako tulifundishwa Kiingereza kidogo na mwalimu aliyekipenda kuliko alivyotupenda sisi. Kalemie, Kiingereza changu kilikuwa kama koti la baridi: kizuri, kimekunjwa vema, na hakuna siku ya kukivaa. Ndiyo maana Mzungu alipoingia biro na kuuliza kama kuna mtu anayesema Kiingereza, nilisimama kabla hajamaliza kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kukamata samaki wadogo wenye mistari wanaokaa kwenye mawe ya pwani, kuwapeleka Ulaya wakiwa hai, na kuwauza kwa watu wanaowaweka ndani ya masanduku ya kioo sebuleni. Mkuu wangu wa biro aliniomba nimfasirie vizuri.

"Wanawaweka wafanye nini?"

"Wanawaangalia."

"Wakishiba kuwaangalia wanawakula?"

"Hawawali."

Mkuu alifikiri. "Basi nyumba zile hazina watoto," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Mzungu alikuwa ametengeneza vizimba vya wavu kwenye maji ya kina kifupi, karibu na mahali ambapo wanawake huosha vyombo. Samaki wake waliogelea humo wakimngoja. Alinipa kopo la bati lenye kifuniko, na juu ya kopo neno moja lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine yote: FLAKES.

Sikulijua. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, na nilipofika nyumbani nilifungua kamusi yangu ya shule. Ilisema ni kipande kidogo, chembamba, kilichobanduka kwenye kitu. Mfano wake ulikuwa theluji. Mimi theluji sijaiona mpaka leo, kwa hiyo nilikaa na kopo mapajani nikitafuta mifano ya kwetu. Rangi inayobanduka ukutani. Majivu ya nyasi yanayopanda na upepo wakati watu wanachoma mashamba kule milimani, halafu yanashuka juu ya nguo zilizoanikwa. Kisha nikagundua jambo lililonifurahisha kupita kiasi. Sisi tuna maneno ya vitu vyembamba, lakini kila neno linajua kwao. Magamba ni ya samaki. Maranda ni ya mbao iliyopigwa randa. Makapi ni ya nafaka. Ukitaja kimoja, umeshasema na kimetoka wapi. Mwingereza yeye alikuwa na neno moja lililotaja wembamba peke yake, likanyamaza kuhusu mengine. Niliona hiyo ni akili kubwa. Nilifungua kopo: vipande vyekundu na vya kijani, vyepesi kama ngozi ya kitunguu, vinanuka ndakala, dagaa wakavu, waliokaa sana.

Maagizo ya Mzungu yalikuwa haya. Nilishe asubuhi kabla ya kazi. Nitie kidogo kidogo, kwa ncha za vidole. Nisipige kelele, nisiongee na mtu, kwa sababu samaki akishtuka hali. Nisimame nimeinama, mkono karibu na maji, maana flakes zikitupwa kwa mbali upepo unazichukua zote. Nilifuata kila neno. Nilikuwa nikienda nimeshavaa abakosti yangu nyeusi ya biro, nainama, nanyamaza, natupa.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa pwani ile alilijua isipokuwa mimi.

Nilikuwa na mchumba. Alikuwa binti wa familia ya Kiislamu ya watu wa ziwa, ambao mababu zao walifanya biashara ya kuvuka kwenda Kigoma tangu zamani. Mimi nilikuwa nimeanza kwenda kwa shehe kujifunza dini yao, na baba yake alinipokea kwa adabu, lakini kila mara aliniita "muntu wa Manono". Muntu wa Manono amekuja. Mupe kiti muntu wa Manono. Hakukuwa na dharau ndani yake. Ilikuwa kama kusema mvua ni mvua. Nilitamani siku moja aniite kitu kingine, na nilijua kwamba mpaka siku hiyo ndoa itakuwa inasogezwa mbele.

Katika familia hizo za ziwa, hakuna anayelisha samaki. Samaki ndiye anayelisha watu. Analishwa kwa sababu moja tu: mtu wa nyumba amepotea majini na mwili haujaonekana. Hapo ndugu mmoja huenda ukingoni kila asubuhi, kimya, akawatupia samaki unga wa muhogo, washibe, wasimguse mtu wao. Anayefanya hivyo hasemeshwi akiwa pale ukingoni. Wala haulizwi ni nani aliyepotea, kwa sababu kulitaja jina ni kumkabidhi kwa ziwa. Shehe alikuwa akisema desturi hiyo haimo katika dini, na nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kaka yake alipozama, shehe mwenyewe alionekana ukingoni na bakuli.

Na kaka mkubwa wa mchumba wangu alikuwa amevuka kwenda Kigoma na mafuta ya mawese, akawa amechelewa kurudi.

Kuchelewa kwa mashua siku zile halikuwa jambo la ajabu. Mafuta ya injini yalikosekana, mashine zilikufa, watu walikaa ng'ambo mpaka shati likaisha. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kwenda kuangalia ziwa. Halafu wanawake wa kuosha vyombo wakaniona mimi, mkwe mtarajiwa, karani wa bandari ambaye habari ya mashua iliyozama ingefika kwake kwanza, nimevaa nguo nyeusi, nimeinama, kimya, nalisha samaki.

Watu walianza kuniambia pole.

"Pole, Papa," aliniambia muuza mkate.

"Asante, nimeshazoea," nikamjibu, maana nilifikiri anazungumzia kuamka mapema.

Aliniangalia kwa muda mrefu kisha akaniongezea mkate mmoja bure. Mlinzi wa bandari alivua kofia nilipopita. Mkuu wa biro, ambaye mke wake ni wa familia za ziwa, aliniambia naweza kwenda nyumbani mapema. Nilipokea yote hayo kama heshima ya Kiingereza.

Siku moja mchana nikaletewa ujumbe kwamba baba mkwe ananiita. Nilipofika, uwanja ulikuwa umejaa watu waliokaa kwenye mikeka. Wanawake upande wa jiko, wanaume upande wa ukuta, sufuria kubwa kwenye mafiga. Nilielewa mara moja kwamba ni kilio. Nikakumbuka kwamba walikuwa na mjomba mzee kule Moba, nikasema moyoni, mzee wa watu amekufa. Kwetu Manono, mkwe akikuta kilio ukweni haulizi nani. Anakaa, anainamisha kichwa, anasaidia kupasua kuni. Nikavua viatu, nikakaa. Nilimlilia mjomba wa Moba kwa moyo wote, ingawa sikuwahi kumwona.

Baba mkwe alikaa karibu yangu, na shehe upande wa pili. Wazee wakasogea. Yeye hakutaja jina lolote, alizunguka kama desturi ilivyotaka.

"Mwanangu," akasema, na hapo ndipo moyo wangu ulipopotea njia, kwa sababu hakuwahi kuniita hivyo, "wale kule majini, unawapa nini? Wanawake wanasema haiko unga."

Nikaketi vizuri. "Ninawapa flakes, Papa."

"Njo nini?"

"Ni Kiingereza. Maana yake vipande vyembamba."

"Vipande vyembamba vya nini?"

"Neno halisemi, Papa. Linasema wembamba tu. Kwa mfano, rangi inayobanduka ukutani."

Wote waligeuka kuangalia ukuta. Ulikuwa umebanduka kweli. Mzee mmoja alinyoosha mkono, akabandua kipande cha chokaa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii?"

"Hiyo nayo ni flake."

"Unawapa samaki ukuta?"

"Hapana, Papa. Ni mfano. Hata majivu yale ya nyasi yanayoruka..."

"Ah. Majivu."

"Siwapi majivu. Hata magamba ya samaki mtu anaweza kuyaita hivyo."

"Unawapa samaki magamba ya samaki," alisema yule mzee polepole, kama anayemsaidia mgonjwa kumeza.

Shehe alikohoa. "Kiingereza ni lugha ya maskini," akasema. "Neno moja wanalivaa watu wote nyumbani."

Kopo lilikuwa mfukoni mwangu. Nikalitoa, nikaona ni bora waone wenyewe. Lilipita mkono kwa mkono. Wakanusa. Shangazi mmoja mzee, ambaye hakuna aliyethubutu kumzuia kitu, alitia vipande viwili mdomoni akatafuna huku amefumba macho.

"Iko ndakala," akasema. "Ndakala ya zamani, na majani fulani. Chumvi haina."

Baba mkwe alilichukua kopo, akalishika kwa mikono miwili.

"Samaki anapewa kula ndugu yake," akasema. "Mutu akishiba nyama ya ndugu yake, njaa ya kutafuta mugeni anaitoa wapi?" Akawageukia wazee. "Babu zetu walitupa unga tu, miaka yote ile. Huyu amefikiri kitu ambacho hawakufikiri."

Wazee wakaitika. Mimi nilisikia maneno yale bila kuyaelewa, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayesifiwa kwa kazi aliyoifanya kwa makusudi.

Nilipoenda nyuma ya jiko kuchukua shoka, mchumba wangu alinifuata. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliangalia nyuma kwanza, kwa sababu alikuwa anakwenda kuvunja desturi.

"Walikuambia pale bandarini?"

"Waliniambia nini?"

"Kama mashua ilizama."

"Mashua gani?"

Akaniangalia. "Weye unalisha samaki juu ya nani?"

"Kwa ajili ya Mzungu."

"Mzungu amezama?"

"Hajazama. Samaki ni wake. Ameniachia niwaangalie mpaka arudi kutoka Moba."

Alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, kisha akaziba mdomo. Akanieleza yote: desturi, kaka yake, mama yake ambaye hakuwa amekula tangu juzi, na mashati ya kaka yake, ambayo mama alikuwa ameyatoa sadaka kwa majirani asubuhi ile.

"Basi ndugu yangu hajafa," akasema.

"Mimi sijui chochote kuhusu ndugu yako."

"Basi nenda ukaseme. Sasa hii. Mama analia juu ya kopo ya Mzungu."

Nikamwambia nitasema. Nikamwambia ningoje kidogo watu wapungue, maana kusema mbele ya uwanja mzima kungemwaibisha baba yake. Hilo lilikuwa kweli kidogo. Alinishika mkono. "Leo," akasema. "Usilale nayo."

Nilirudi nikiwa nimeshapanga maneno. Lakini baba mkwe alikuwa amenitengea nafasi kwenye mkeka wake, upande wa kuume, na alipokuja jirani kuuliza huyu ni nani, alimjibu, "Huyu ni mutoto wa nyumba." Hakusema Manono. Chakula kilipoletwa, mama mkwe mwenyewe alinisogezea sahani kabla ya wanaume wengine wote. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe, sauti imemkauka kwa kulia. "Kula, mwanangu," akasema. "Weye unaamuka mapema."

Nikala. Nilijiambia nitasema baada ya chakula. Baada ya chakula ilikuwa sala, na huwezi kukatiza sala. Baada ya sala wazee walikuwa wakimweleza mgeni mmoja aliyefika kwa kuchelewa habari ya vipande vyembamba, na waliieleza vizuri kuliko mimi. Nilikaa nikisikiliza. Nikajiambia, kesho asubuhi. Na nikaenda kulala kwangu, na Mungu anajua nililala vizuri.

Asubuhi nilishuka ziwani kwanza. Niliona samaki hawana kosa. Nitawalisha, kisha nitakwenda moja kwa moja ukweni kusema. Nilikuwa nimeinama pale, vidole vimejaa vipande, niliposikia injini. Mashua ya Kigoma ilikuwa inaingia, na mbele kabisa, amesimama juu ya magunia ya chumvi, yuko kaka mkubwa wa mchumba wangu, amenenepa, anatabasamu na kupunga mkono.

Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Nikampungia kwa mkono ule ule wenye flakes, zikamwagika juu ya maji.

Nikaona tabasamu lake likifa. Yeye ni mtoto wa ziwa. Aliona mkwe wao, nguo nyeusi, ukingoni, analisha samaki. Aliruka kwenye maji yaliyomfika kiunoni, akanipita bila kunitazama, kwa sababu anayelisha hasemeshwi, akaacha ndara moja kwenye matope na kukimbia akielekea kwao huku amejishika kichwa.

"Ni samaki ya Mzungu," nikapiga kelele nyuma yake. "Hakuna aliyekufa."

Hakusikia, au alisikia akadhani ndivyo wanavyosema watu wanaoficha jambo. Nikamfuata mbio na abakosti yangu, kopo mkononi, wanawake wa vyombo wakitupisha njia na kusema pole.

Nilipofika nilimkuta ameshaketi mwisho wa mkeka wa wanaume, uso magotini, analia. Aliingia akakuta kilio, akakaa, kama mtu yeyote mwenye adabu. Hakuna aliyemtambua mara moja. Kwenye kilio huwezi kumkodolea macho anayelia. Jirani aliyekaa karibu naye alimwekea mkono begani.

"Vumilia, ndugu," akamwambia. "Alikuwa muntu muzuri."

"Nani?" aliuliza yeye bila kuinua uso.

"Desturi hairuhusu kutaja. Lakini alikuwa na moyo. Ona, hata shati hii ni yake."

Kaka mtu aliinua uso akalitazama shati. Alilitazama sana. "Hii ni yangu," akasema.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Mama yake alimshika kila sehemu, masikio, vidole, kama anayenunua mbuzi. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa, wazee wakacheka, mwenye shati akalivua na kulirudisha, akabaki kifua wazi akicheka naye. Chakula cha kilio kikaliwa kwa furaha, kwenye sufuria zile zile. Na mimi nilipoeleza habari ya Mzungu, walicheka upya. Yule mzee wa ukuta aliniuliza kama nimebakiza hata kipande kimoja cha kumpa mgeni wetu kutoka kwa wafu. Nilikuwa nimesamehewa. Nadhani hata ningependwa zaidi.

Ndipo mchumba wangu akasema, si kwa sauti kubwa, "Alijua toka jana."

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama yake aligeuka akaniangalia.

"Njo kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Toka saa gani?"

"Toka mchana."

"Mbele ya kula, ama nyuma?"

Ningeweza kudanganya. "Mbele," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei na kuielewa. Hakunitukana. Alikwenda kukaa na mwanawe, na baba mkwe akaangalia chini. Baada ya muda akamwambia mtu fulani amsindikize muntu wa Manono.

Vitu vya uchumba vilirudishwa kwangu vikiwa safi, vimekunjwa. Nilimngojea binti yule mara nyingi njiani, na mara moja tu alisimama. Aliniambia angeweza kuolewa na mtu anayelisha samaki wa Mzungu, hata na mtu aliyemtia mama yake kilio bila kujua. "Lakini ulikula," akasema. "Mama alikupa sahani yeye mwenyewe hajakula, na weye ukala."

Mzungu alirudi kutoka Moba, akawaangalia samaki wake, akasema wamenenepa, akanishukuru kwa maneno mengi ambayo nusu yake sikuyaelewa. Aliondoka nao.

Yule binti aliolewa na mfanyabiashara wa Kigoma akavuka kwenda kuishi huko. Mimi nilikuja kuoa mwanamke mwema wa kwetu, tukazaa, tukazeeka pamoja, na yeye alijua miaka yote kwamba hakuwa wa kwanza moyoni mwangu. Hilo nalo ni kosa langu, si lake. Kwa kukubali kazi ile ili nisikike nikisema Kiingereza, na kwa kunyamaza siku moja ili niitwe mtoto wa nyumba, nilimpoteza mwanamke niliyempenda, nikaupoteza ule ukoo, na nikampa mke wangu maisha ya kuwa wa pili.